Wakuu, majina ya API yanaweza kuwa na hakimiliki? Tumepewa siku 14

fundi_seva:

Habari za jioni wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi naomba mnisaidie mawazo, hasa nyie mliokaa kwenye hii kazi miaka mingi, na kama kuna mwanasheria humu ndo kabisa.

Tuko watatu, tuna kaofisi ketu hapa Dar, kazi yetu ni kutuma meseji za jumla kwa niaba ya shule, saccos, zahanati, makanisa na watu kama hao. Sasa kuna kampuni moja kubwa, jina nalihifadhi, wao ndo walitangulia kwenye hii biashara na karibu kila kijana aliyejifunza kutuma meseji kwa programu alianzia kwenye API yao, yaani zile amri ambazo programu ya mteja inazitumia kuongea na seva yao. Unampigia mteja unamwambia hamia kwetu bei yetu nafuu, anakubali, halafu anakwambia ila mfumo wangu alinitengenezea kijana fulani alishahamia Mwanza na sina hela ya kumlipa mwingine aje aandike upya. Wateja wengi tuliwapoteza hivo.

Tukaamua kitu kimoja, seva yetu ipokee maombi yaleyale. Yaani majina ya amri yaleyale, parameta zenye majina yaleyale kwa mpangilio uleule, na namba za makosa zilezile. Mteja anabadilisha anwani ya seva na nywila basi, dakika tano ameshahamia na hajagusa kitu kingine. Ndani tumeandika kila kitu wenyewe toka sifuri, hatujawahi kuona hata mstari mmoja wa programu yao na tusingeweza maana iko kwenye seva zao huko.

Juzi imekuja barua ya wakili wao, inasema API ile ni kazi ya ubunifu yenye hakimiliki, sisi tumeiba, tuna siku 14 za kuzima la sivyo tuonane mahakamani. Mwenzetu mmoja anasema tuzime tu tusije tukafilisika, mimi moyo unakataa kabisa kwa sababu sioni tulichoiba. Hivi kweli kwamba amri inaitwa "tuma" na inadai namba ya mpokeaji kwanza halafu ujumbe, hiyo nayo ni mali ya mtu?

MzeeWaJava:

Pole sana mdogo wangu. Kwanza tulia, barua ya wakili sio hukumu, ila usiipuuze pia.

Swali lako limeshafika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na lilichukua zaidi ya miaka kumi kuisha. Nilikuwa naifuatilia ile kesi ya Oracle na Google kama wengine wanavyofuatilia ligi maana Java, lugha ya kuandikia programu, ndo imenilisha na kunisomeshea watoto, kwa hiyo ngoja niielezee kwa urefu kidogo mnivumilie.

Java ilitengenezwa na Sun Microsystems miaka ya 90. Google walipoinunua kampuni ndogo ya Android mwaka 2005 walitaka maprograma waliokuwa wanajua Java, na walikuwa mamilioni, waweze kuandikia simu zao bila kujifunza lugha mpya. Wakakaa na Sun kuongelea leseni, hawakuelewana. Basi Google wakaandika mitambo ya ndani wao wenyewe, ila kwenye pakiti 37 za Java, yaani makundi ya amri, wakachukua mistari ya matangazo kama ilivyo, jumla kama mistari 11,500.

Hapo kwenye "matangazo" ndo roho ya kesi yote ilipo, kwa hiyo nielewe vizuri. Kwenye Java ukitaka namba kubwa kati ya mbili unaandika Math.max(4, 6) unapata 6. Ili hiyo iwezekane, mahali fulani kuna mstari mmoja unaotangaza kwamba kuna kitu kinaitwa max, kinakaa kwenye kundi la Math, kinapokea namba mbili na kurudisha moja. Huo ndo tangazo. Halafu chini yake kuna mistari inayofanya kazi yenyewe ya kulinganisha, hiyo ndo utekelezaji. Google utekelezaji waliandika wa kwao, matangazo wakabaki nayo yaleyale kwa sababu ukibadilisha hata herufi moja, programa aliyezoea max hatafika popote. Na wewe fundi_seva ndicho ulichofanya, umechukua matangazo na ukaandika utekelezaji wako.

Oracle wakainunua Sun mwanzoni mwa 2010, Agosti mwaka huohuo wakaishtaki Google. Kesi ikaangukia kwa Jaji William Alsup wa San Francisco, mtu ambaye mwenyewe anaandika programu. Kulikuwa na kipande kimoja kinaitwa rangeCheck, mistari tisa tu, ambacho kweli kilinakiliwa mpaka ndani, na mawakili wa Oracle wakakishikilia sana, jaji akawaambia pale mahakamani kwamba vipande kama hivyo yeye ameshaviandika mara mia. Kwenye suala kubwa la API Alsup akaamua mwaka 2012 kwamba majina na mpangilio ule ni njia ya kuendesha mtambo na sheria ya Marekani hailindi njia ya kuendesha kitu. Mimi nikasema imeisha hiyo.

Haikuisha. 2014 mahakama ya rufaa ikapindua, ikasema hakimiliki ipo. Wakarudi chini, 2016 juri likasema hata kama hakimiliki ipo Google wametumia kwa matumizi ya haki, yaani matumizi ambayo sheria inayaruhusu bila idhini ya mwenye hakimiliki. 2018 rufaa wakapindua tena, na Oracle walikuwa wanadai kama dola bilioni 9. Ndo ikapanda Mahakama ya Juu, wakasikiliza Oktoba 2020 kwa simu sababu ya korona, na tarehe 5 Aprili 2021 Google wakashinda 6 kwa 2.

Sasa angalia hukumu ilivyokaa. Jaji Breyer aliyeiandika hakusema API haina hakimiliki. Alisema tuchukulie tu kwa ajili ya hoja kwamba inayo, hata hivyo hiki walichofanya Google ni matumizi ya haki. Akatoa sababu, ile mistari 11,500 ni asilimia 0.4 tu ya mistari milioni 2.86 ya API yote ya Java, na wamechukua kile tu kilichohitajika ili watu watumie ujuzi wao kwenye mazingira mapya. Na kuna hoja yake moja mimi nimeishika mpaka leo, kwamba thamani ya matangazo haya sehemu kubwa inatokana na muda na nguvu za maprograma waliojifunza kuyatumia, watu ambao sio wenye hakimiliki.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho mdogo wangu. Kijana aliyehamia Mwanza alikaa usiku akajifunza ile API. Ule ujuzi ni wa kwake na wa yule mteja aliyemlipa. Kampuni ile haina haki ya kuushika ujuzi wa watu wengine na kuufungia mlango kwa sababu tu wao ndo walitangulia kuliita jambo jina. Huo ndo msimamo wangu na nitausema popote.

GerejiYaUbungo:

Mimi sio mtu wa kompyuta ni fundi magari ila mada imenishika. Kwetu kila fundi anajua spana namba 10, namba 12, namba 14. Nati ya Toyota na nati ya Nissan zote nafungua kwa spana ileile niliyonunua Kariakoo. Sasa angetokea mtu akasema "namba 14" ni ya kwangu, hakuna kutengeneza nati wala spana ya kipimo hicho bila ruhusa yangu, gereji zote zingefungwa wiki hiyohiyo. Ubora wa chuma ni siri ya kiwanda, namkubalia, ila kipimo ni cha wote. Kama nimeelewa vibaya nisahihisheni.

binti_wa_kisauni:

Umeelewa sawa kaka ila mfano wako unarahisisha mno, na Mzee shikamoo, naomba nipingane na wewe kwa heshima.

Nipo Mombasa, kazi yangu kwa miaka sita sasa ni hiyo hiyo ya kubuni API. Watu mnadhani ni kukaa chini na kupa vitu majina tu. Ya mwisho niliyobuni, ya kupanga miadi ya wagonjwa, nilichukua miezi minane na ndani ya hiyo miezi utekelezaji ulikuwa ndio kazi nyepesi. Kilichonitoa jasho ni kuamua nini kiwe pamoja na nini, nini kiitwe nini, kipi nifiche ili yule atakayekuja asipotee, mara tatu nilivunja zote nikaanza upya. Na niliona tofauti, ile ya kwanza watu walikuwa wananipigia simu kila siku kuuliza, hii ya mwisho mtu anaisoma jioni na kesho yake mfumo wake unafanya kazi. Huo ni ubunifu na siutoi thamani kwa sababu eti ni "majina". Mwenye kutunga shairi pia anapanga maneno ambayo yote yako kwenye kamusi.

Halafu Mzee umesimulia kesi ukaruka wale wawili waliopinga. Jaji Thomas, na Alito akamuunga mkono, aliandika kwamba kuiita mistari ile kidogo ni kudanganyika, kwa sababu ndiyo iliyowavuta maprograma. Google hawakuchukua matangazo kwa kuwa hayana thamani, waliyachukua kwa kuwa ndiyo yenye thamani. Na akataja madhara kwa hesabu. Amazon walikuwa wanalipia leseni ya Java kwenye Kindle, Android ilivyotoka ya bure wakaitumia kubana bei mpaka wakapunguziwa asilimia 97.5. Mkataba wa Samsung ukashuka toka dola milioni 40 mpaka karibu milioni 1. Hiyo ni pesa iliyotoka mfukoni mwa aliyetengeneza.

Jaji Mkuu Roberts aliuliza kitu siku ya kusikiliza ambacho hakinitoki, kwamba kuvunja sefu huenda ndio njia pekee ya kuzifikia pesa unazozitaka, lakini hilo halikupi ruhusa ya kuivunja. Sasa fundi_seva, samahani kaka yangu, wewe unasema mteja hawezi kuhama bila majina yaleyale. Sawa, lakini urahisi wako wewe wa kupata wateja ni sababu ya kutosha kutumia kazi niliyoikesha mimi?

MzeeWaJava:

Marahaba dada yangu, na ni kweli niliwaruka, umefanya vizuri kuwataja.

Miezi minane yako naiheshimu na sitamki hata siku moja kwamba sio kazi. Lakini jasho peke yake halizai hakimiliki. Hata huko Marekani kulikuwa na kesi ya kitabu cha simu mwaka 1991, kampuni ya simu ya Rural ilikusanya majina na namba za watu, Feist wakayachukua, na Mahakama ya Juu ikasema wazi kwamba kuhangaika kukusanya sio kigezo. Najua yako ni zaidi ya kukusanya, una uchaguzi ndani yake. Ndo maana nakuletea nyingine, Lotus na Borland. Lotus 1-2-3 ilikuwa programu ya mahesabu ambayo ofisi nyingi duniani ziliitegemea, ikiwa na amri 469 zilizopangwa kwenye menyu, kupangwa vizuri kabisa na watu wenye akili. Borland wakatengeneza ya kwao wakaweka menyu ileile ili mhasibu aliyeandika makro zake kwenye Lotus, yaani mafungu ya amri aliyojipangia mwenyewe, asizipoteze. Mahakama ya rufaa ya Boston 1995 ikasema menyu ile ni njia ya kuendesha, ni kama vitufe vya deki ya video, huwezi kumiliki. Mahakama ya Juu wakagawanyika 4 kwa 4 mwaka 1996 kwa hiyo hukumu ya Boston ikasimama.

Yule mhasibu ndo mtu ninayemuona mimi kila nikifikiria hili suala. Makro aliziandika yeye, kwa mikono yake, kwa miaka. Ukisema majina ya amri ni ya Lotus peke yake basi na kazi yake yeye imefungwa ndani ya nyumba ya Lotus, akitaka kutoka aiache humo. Breyer naye aliligusia hili siku ya kusikiliza, akatoa mfano wa kibodi ya QWERTY, kwamba mwanzoni hakuna aliyelazimika kupanga herufi vile, ila ukimpa mtu hakimiliki ya ule mpangilio leo umempa mashine zote za kuchapa duniani.

Na kuhusu Oracle wenyewe. Lugha ya SQL, ya kuulizia taarifa kwenye hifadhidata, ilibuniwa IBM na Chamberlin na Boyce miaka ya 70, maelezo yake yakachapishwa, na kampuni changa ambayo leo inaitwa Oracle ikaandika hifadhidata yake inayoelewa SQL na kuanza kuiuza mwaka 1979, IBM wenyewe wakiwa bado hawajatoa bidhaa ya kuuza. Ilikuwa halali na ilikuwa jambo jema, dunia nzima ilinufaika, na mimi nimepata kazi yangu ya kwanza kwa sababu yake. Linux iliandikwa ielewe amri za UNIX, mfumo wa kuendesha kompyuta uliotangulia. Kompyuta za Compaq ziliandikiwa BIOS mpya, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, ili ziendeshe programu za IBM PC, na wale walioandika hawakuruhusiwa hata kuona ile ya IBM. Ukivitoa hivi vyote kwenye historia, sijui mimi na wewe tungekuwa tunafanya kazi gani leo.

binti_wa_kisauni:

Hoja ya mhasibu naikubali Mzee, hiyo imeniingia. Kazi ya mtumiaji isifungwe, sawa. Ila bado naona kuna tofauti kati ya kumuachia mtumiaji atoke na kazi yake na kumruhusu kampuni kubwa kama Google achukue ukumbi mzima tayari umejaa watu. Fundi_seva ni watatu kwenye kaofisi, sawa, lakini sheria utakayoiweka kwa ajili yake siku ya pili itatumiwa na mwenye nguvu dhidi yangu mimi mdogo. Nikibuni API nzuri leo, kampuni yenye seva elfu inaiiga keshokutwa kwa bei ya chini na mimi nafunga.

wakili_wa_mtaani:

Wakuu nimewasoma wote, mjadala mzuri. Mimi ni wakili, nafanya mikataba ya teknolojia. Huu sio ushauri rasmi maana sijaona hiyo barua wala nyaraka, fundi_seva lazima utafute wakili umuoneshe kabla siku 14 hazijaisha, ila kuna vitu naona mnavipita.

Kwanza kesi za Marekani ni za Marekani. Kwa jaji wa hapa zinaweza kumshawishi tu, hazimfungi. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, programu za kompyuta zinalindwa. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unasema programu zilindwe kama kazi za maandishi, na ibara ya 9 inasema hakimiliki ni ya namna jambo lilivyoelezwa, haihusu mawazo, taratibu wala njia za kuendesha. Ila Tanzania kama nchi iliyo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni imeongezewa muda wa kutekeleza TRIPS mpaka Julai 2034, kwa hiyo wakili wa upande wa pili anaweza kukujibu hilo. Dada wa Mombasa kwenu muda huo hamna.

Pili, kwangu mimi kesi inayofanana na ya fundi_seva kuliko ya Google ni ya SAS na World Programming. SAS ni kampuni ya Marekani yenye mfumo wa takwimu, watu wameandika programu zao kwa lugha ya SAS miaka na miaka. World Programming ya Uingereza ikatengeneza mfumo mwingine unaoendesha programu zilezile, bila kuona msimbo wa SAS, kwa kuangalia tu unavyofanya kazi na kusoma miongozo. Mahakama ya Ulaya tarehe 2 Mei 2012 ikasema utendaji wa programu, lugha ya programu na muundo wa mafaili ya data havilindwi kwa hakimiliki ya programu, na kwamba aliyenunua leseni ana haki ya kuichunguza na kuijaribu ili aelewe misingi yake. Ukiishia hapo unasema fundi_seva ameshinda.

Lakini usiishie hapo. Kesi iliporudi London, World Programming walishinda karibu kote ila kuna sehemu walikutwa na kosa, nayo ni mwongozo. Kwenye mwongozo wao walikuwa wamebeba maneno ya mwongozo wa SAS. Mwongozo ni maandishi, una hakimiliki kama kitabu, hapo hakuna mjadala wa njia ya kuendesha. Halafu SAS wakawafuata Marekani, na huko wakawabana kwa mkataba, kwamba walipochukua leseni za kujifunzia walikubali masharti na wakayavunja, na wakapatikana na udanganyifu pia. Mwaka 2015 kiasi kikaishia kama dola milioni 79. Hakimiliki SAS walishindwa hata Marekani, rufaa ya mwisho ilikuwa 2023. Kilichowaumiza wale jamaa ni mkataba.

Kwa hiyo fundi_seva naomba unijibu mawili hapahapa. Mlifungua akaunti kwa hao jamaa ili mjue seva yao inajibu nini? Na mwongozo mnaowapa wateja wenu mliuandikaje?

fundi_seva:

Asanteni sana wote, dada na wewe asante, maneno yako yameniuma ila ni ya haki na nimeyafikiria siku nzima.

Wakili, akaunti tulifungua. Ilikuwa ya kujaribia, tulikuwa tunatumiana meseji simu zetu wenyewe kuangalia majibu na namba za makosa. Masharti tulibonyeza kukubali kama kila mtu anavyobonyeza, hakuna aliyesoma.

Na mwongozo, hapa nasema ukweli. Mwenzangu aliuchukua wa kwao akabadilisha jina la kampuni na anwani za seva. Maelezo, mifano, mpaka ile jedwali la makosa na sentensi zake, vyote ni vya kwao. Nimeufungua sasa hivi nikauweka pembeni ya wa kwao, kuna sehemu mpaka kosa la tahajia limekuja nalo. Nilikuwa nauona kama kitu kidogo kabisa, siku zote nilikuwa napigania majina ya amri moyoni mwangu, kumbe hapa ndo tulipokosea na ni kazi ya mtu aliyekaa akaiandika. Najisikia vibaya sana.

binti_wa_kisauni:

Kaka hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Majina ya amri zangu kama mteja wangu anataka kuhama nayo, nitanuna lakini nitamuacha aende, Mzee amenishawishi. Mwongozo wangu hapana. Ule nimeuandika sentensi kwa sentensi nikimfikiria mtu aliyekaa peke yake usiku mfumo wake umegoma. Andikeni wa kwenu, kwa Kiswahili tena, hao vijana wenu wengi watashukuru kuliko mnavyodhani.

wakili_wa_mtaani:

Umefanya la maana kusema. Leo hiihii utoeni huo mwongozo hewani, msisubiri siku ya 14, na msifute nakala yenu ya ndani, mwachie wakili wenu aione. Tafuteni masharti ya akaunti kama yalivyokuwa siku mliyobonyeza, sio ya leo, maana yanabadilishwa. Tafuteni kama yanakataza kutengeneza huduma shindani, hilo ndo neno litakaloamua mengi kwenu kuliko hakimiliki yote tuliyoongea hapa. Na kusanyeni ushahidi kwamba utekelezaji ni wenu, historia ya mabadiliko ya programu toka siku ya kwanza, nani aliandika nini na lini. Akaunti yao isitumike tena.

Mwongozo mpya auandike mtu ambaye hatafungua wa zamani. Aangalie seva yenu inavyofanya na aandike anachokiona.

fundi_seva:

Sawa mkuu. Na namba za makosa? Mfano wao 104 ni salio halitoshi, na sisi 104 ni salio halitoshi, na baada ya namba kuna sentensi inayomuelezea mteja.

MzeeWaJava:

Namba ndo ile programu ya mteja inaisoma, ukiibadilisha mfumo wake utavunjika, hiyo ni nati namba 14 ya fundi wetu wa Ubungo. Sentensi anaisoma binadamu, hakuna programu itakayovunjika ukiiandika kwa maneno yako. Ila hakikisha kwanza, kuna wateja wengine wameandika programu zinazotafuta neno ndani ya sentensi badala ya kuangalia namba, nimewahi kukutana nao.

wakili_wa_mtaani:

Naafiki. Na hao wachache wapigieni simu mmoja mmoja kabla ya kubadilisha.

fundi_seva:

Mwongozo umeshatoka hewani, saa nne na robo usiku huu. Kesho asubuhi tuna miadi na wakili mmoja maeneo ya Posta, nimechapa barua yao na masharti ya akaunti nimeyapata kwenye barua pepe ya zamani, kurasa kumi na moja, ndo nayasoma kwa mara ya kwanza. Namba tunaziacha, sentensi tunaandika upya. Yule mwenzetu wa tatu ambaye hajawahi kuugusa mwongozo wao ndo tumempa kazi, ameanza na ukurasa wa kuangalia salio, kwa Kiswahili.